Siku Mashine Ilipomsikia Mjomba Wangu

Tasnifu yangu ya uzamifu ilihusu sentensi moja ambayo nyanya yangu aliitamka mlangoni kwetu Bulla Pesa, mtaa wa Isiolo, nikiwa na miaka tisa. Mchuuzi mmoja alikuwa amemletea mbuzi mgonjwa akidai ni mzima. Nyanya alimshika mbuzi masikio, akamfungua mdomo, akamwambia yule mtu, "Ukirudi hapa utaniona." Mchuuzi akaondoka mbio na mbuzi wake. Wiki iliyofuata jirani yetu aliyekuwa anahamia Garbatulla alikuja kuaga, na nyanya akamwambia maneno yale yale. Jirani akamkumbatia na kulia. Nilibaki nimesimama uani nikijiuliza ni kitu gani kilichobadilika, maana maneno hayakubadilika hata kidogo.

Swali hilo halikuniacha. Nyumbani kwetu lilikuwa na pa kukua. Baba alitoka katika zile familia za Kisomali ambazo mababu zao walikuja Isiolo kama askari wa mkoloni, wakabaki, wakawa watu wa biashara na malori. Mama alikuwa Mborana, binti wa wafugaji. Kwa nyanya tulizungumza Kisomali, kwa mama Kiborana, njiani Kiswahili, na kwa majirani wa nyuma Kimeru cha kuombana chumvi. Mtoto wa nyumba kama hiyo hujifunza mapema kwamba kumsikia mtu si sawa na kumwelewa.

Niliposema nataka kusoma falsafa Nairobi, baba aliniuliza mara moja tu itanipeleka wapi. Baadaye nilisikia kwamba aliwaambia madereva wenzake nasomea mambo ya kufikiri, na kwamba hakuna aliyemcheka. Nilifuzu, nikaandika ile tasnifu kuhusu sentensi ambayo huwa ahadi, onyo au tisho kutegemea nani anasema, anamwambia nani, na nini kimetokea jana yake. Nikapata kazi ya kufundisha. Ningeweza kuzeekea hapo.

Kilichonitoa ni maonyesho madogo chuoni. Kijana mmoja alileta programu ya kutafsiri, akaisifu, akatuomba tuijaribu. Niliandika maneno ya nyanya. Yakatoka kwa Kiingereza, safi, bila kosa. Niliyaandika mara ya pili nikiwaza yule jirani aliyelia. Yakatoka vile vile. Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira ambayo hadi leo siwezi kuieleza vizuri. Mwaka uliofuata, nikiwa na miaka thelathini na minne, nilikaa darasani na watoto wa miaka ishirini nikijifunza kuandika programu, nikikosea mabano na nukta kuliko wote. Wanafalsafa waliona nimehama. Wahandisi waliona sijafika. Kwa miaka kadhaa nilikula chakula cha mchana peke yangu.

Hatimaye nilirudi Isiolo na mradi wangu mwenyewe, chini ya chuo, kwenye vyumba viwili juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Tulikuwa tunaifunza mashine kusikiliza Kiborana na Kiswahili cha huku kwetu. Watu waliojitolea, katika makundi ya simu ya wafugaji na wakulima, walikubali jumbe zao za sauti zipite kwetu. Mashine iliziandika, za Kiborana ikazitafsiri kwa Kiswahili, kisha ikazipa rangi. Kijani ni mazungumzo ya kawaida. Manjano ni ya kuangaliwa. Nyekundu ni uchochezi. Ujumbe ukiwa mwekundu, mkataba wetu na watu wa usalama ulisema tuwape namba ya aliyeutuma ndani ya saa mbili. Waliojitolea walilijua hilo sharti, na walitia sahihi. Nililiandika mimi. Nilidhani saa mbili ni muda mrefu.

Mwenzangu katika kazi hiyo alikuwa mhandisi, mwanamke kutoka upande wa Meru, mtulivu, mwenye mkono mwepesi kwenye kompyuta kuliko mtu yeyote niliyewahi kufanya naye kazi. Hakujua Kiborana. Alisema hiyo ndiyo faida yake, kwamba hawezi kupendelea.

Wiki ninayotaka kuieleza ilikuwa ya kiangazi. Siku ya Jumatatu mifugo iliibwa karibu na Leparua na mchungaji mmoja wa upande wetu akauawa. Kufikia Jumatano malori ya jeshi yalikuwa yanapita barabara ya Burat mara nyingi kuliko kawaida, maduka yalifungwa jua likiwa bado juu, na watu walisalimiana kwa kifupi. Mama alinipigia kuniambia nisivae viatu vya kisigino. Sikuhitaji kumuuliza kwa nini: siku kama hizo mtu huvaa viatu vya kukimbilia.

Alhamisi, saa nne asubuhi, mhandisi aliniita. Alikuwa ameshika kikombe cha chai na hakukiweka chini.

"Tumepata nyekundu," alisema. "Haijawahi kuwa nyekundu hivi."

Nilivaa visikizi. Sauti ilikuwa ya mzee, inazungumza Kiborana polepole, na nyuma yake ng'ombe analia. Ilisema: "Aliyepoteza asilale. Kisima ni kimoja, na sisi ndio tuko karibu nacho. Kesho alfajiri tufike kabla yao. Wakija wakute tumeshamaliza."

Niliisikiliza mara mbili. Mara ya pili sikuwa nasikiliza maneno. Ile ilikuwa sauti ya kaka wa mama yangu.

Huyu mjomba ndiye aliyenifundisha Kiborana cha kweli, kile cha mifugo na maji na baraza, wakati mama alikuwa anatufundisha cha jikoni. Alikuwa mfugaji hadi ukame ulipommaliza, akapata shamba dogo Burat na kujifunza kulima maharagwe akiwa na mvi. Nilipoanza mradi, wa kwanza kukubali kurekodiwa alikuwa yeye. Alikaa kwenye kiti cha plastiki ofisini kwangu siku nyingi, akisimulia chochote nilichomwomba, na mashine ikajifunza lugha kwa sauti yake kabla ya kuijua sauti nyingine yoyote. Sasa mashine ilikuwa imeipa sauti hiyo hiyo rangi nyekundu.

Mhandisi aliniuliza kama tafsiri iko sawa. Nilimwambia iko sawa. Sikumwambia kitu kingine. Ningependa kuandika kwamba nilikuwa natafakari, lakini ukweli ni kwamba niliogopa.

Simu ilikuja kabla ya saa tano. Afisa wa usalama aliyesimamia mkataba wetu alikuwa mtu wa adabu, hakuwahi kunipandishia sauti. Kwake ofisini aliona rangi tu, hakuona maneno.

"Daktari, hapa kwangu kuna nyekundu moja," alisema. "Nangoja namba."

Nilimwambia bado nahakiki tafsiri.

"Mkataba unasema saa mbili."

"Najua unasema nini. Niliuandika mimi."

Akasema sawa, atangoja. Nilisikia akiandika kitu kabla ya kukata.

Nilishuka ngazi, nikachukua bodaboda hadi Burat. Njia nzima nilijaribu kufanya kile nilichosomea. Niliuchukua ule ujumbe na kuugeuza kila upande. "Tufike kabla yao" inaweza kuwa shauri la kuvizia, na inaweza kuwa shauri la kukwepa. "Tumeshamaliza" – tumemaliza nini? Miaka yote nilikuwa nimewafundisha wanafunzi kwamba jibu la maswali hayo haliko ndani ya maneno, liko kwa aliyesema na nia yake. Ilikuwa rahisi kuyasema hayo darasani. Sasa nilikuwa nakwenda kumuuliza mtu huyo uso kwa uso, na kama jibu lingekuwa baya ningelazimika kushuka kutoka shambani kwake na kumtaja.

Nilimkuta anafungulia maji mferejini. Alinyoosha mgongo aliponiona, tukasalimiana, salaam aleikum, habari za nyumbani, habari za mama, amani iko, amani iko. Hakuharakisha hata salamu moja, nami sikuthubutu kuikatisha. Kisha akanitazama viatu, visivyo na kisigino, akajua sikuja kumtembelea tu.

Nilimwambia ujumbe wake umefika kwetu na mashine imeuona ni wa kuchochea watu.

Alichomeka jembe kwenye udongo. Hakuuliza mashine inafanyaje kazi. Aliuliza, "Na wewe? Wewe umeuonaje?"

Nilisema sijui, ndiyo maana nimekuja.

Nadhani hilo lilimuumiza kuliko habari ya mashine. Alikaa kwenye ukingo wa mfereji na kunieleza kwa sauti ya kumweleza mgeni. Kisima alichokisema kimo kwenye laga, ule mto mkavu ulio kati yetu na jirani zetu wa upande wa pili. Kiangazi hiki, kisima hicho ndicho pekee chenye maji. Watu wa marehemu wana uchungu, na wale wengine wana hofu, na wote wananywesha mahali pamoja. Kwa hiyo aliwaambia watu wake waamke mapema, wanyweshe, waondoke, jirani wakija wakute kisima kiko wazi. "Watu wenye uchungu wasikutane kwenye maji," alisema. "Hayo si maneno yangu. Hayo nimeyakuta."

Nilijisikia mwepesi ghafla. Nilikuwa tayari napanga kichwani maelezo nitakayompa afisa, hata mfano mzuri wa makala nitakayoandika: mashine imeona tisho palipo na hadhari. Kama ningeaga dakika ile, sijui ningekuwa mtu gani leo.

Kilichonizuia hakikuwa busara. Ilikuwa ni mazoea ya kazi. Kila tukikusanya ujumbe huwa tunauliza uliendelea vipi, nani alijibu. Nikamwomba mjomba anisikilizishe waliomjibu. Alitoa simu mfukoni mwa shati, akaipangusa, akanipa. Wengi walikuwa wamejibu kwa neno moja la kukubali. Ujumbe mmoja ulikuwa mrefu kidogo, wa Kiswahili, sauti changamfu ya kijana: "Tumekupata mzee. Tutawahi. Tunakuja na vyuma."

Ilikuwa sauti ya mwanawe wa pili, binamu yangu, ambaye wakati huo alikuwa akiendesha pikipiki mjini.

"Vyuma gani?" nilimuuliza mjomba.

"Mitaimbo na sururu," alisema. "Kisima kimejaa mchanga. Lazima kichimbwe kwanza."

Alisema bila wasiwasi wowote. Mjini, kwa vijana wa rika la binamu yangu, chuma ni bunduki. Kila mtu wa chini ya miaka thelathini Bulla Pesa anajua hivyo. Mjomba hakujua, kwa sababu vijana huchagua maneno yao ili wazee wasijue.

Nilimpigia mhandisi, nikampa saa ya ujumbe ule na kumwomba autafute. Nilisikia vidole vyake kwenye kompyuta.

"Upo," alisema. "Uliingia mapema, kabla ya ule mwekundu kumaliza kuandikwa. Ni wa kijani."

"Kijani?"

"Kijani kabisa. Mtu anasema atawahi na analeta vyuma. Kuna shida gani?"

Ulikuwa umekaa kwenye orodha yetu asubuhi nzima, mstari mmoja chini ya ule wa mjomba. Sikuwa nimeutazama. Tuliifunza mashine kwa sauti za wazee, na wazee wanapozungumza habari ya vita hutumia maneno mazito, kwa hiyo ilijifunza kuogopa maneno mazito. Mtu anayetania na kusema atawahi, haikumwogopa. Na mimi, daktari wa maana ya maneno, nilikuwa nimeona sauti ya mjomba wangu nikasahau kwamba kusema kunahitaji wawili. Nia yake ilikuwa safi. Lakini vijana hawakusikia nia yake. Walisikia maneno yale yale iliyoyasikia mashine.

Nilimweleza mjomba chuma ni nini.

Hakubisha. Alichukua simu, akampigia mwanawe, haikupatikana. Akapiga tena, na tena, akiwa ameishika mbele ya uso wake kana kwamba akiitazama itaitika. Kisha akaiweka juu ya goti.

"Basi ni mimi niliyewaita," alisema.

Saa mbili za mkataba zilikuwa zimebakiza dakika chache. Nilimwambia kuna mtu anangoja namba, na kwamba namba ninayopaswa kumpa sasa si yake tena.

Mjomba wangu hakuwahi kuniomba kitu maishani. Alisema, bila kunitazama, "Mtoto wa dada yangu, ukimpa namba ya huyo kijana, hawatamuuliza vyuma ni nini. Wataenda kumchukua tu. Na hali ilivyo, unajua hatarudi vile alivyokwenda."

"Na kesho akienda kisimani?"

"Kesho mwachie baba yake."

Nilisimama pale kwenye matope ya maharagwe na nikapiga simu. Nimeulizwa mara nyingi tangu siku ile kwa nini nilisema nilichosema, na kila mara jibu langu limetoka tofauti kidogo, kwa hiyo nitaandika tu nilichosema. Nilimwambia afisa kwamba ujumbe mwekundu ni wa mjomba wangu, wa tumbo moja na mama, kwamba maana yake ni kuwatenganisha watu, na kwamba nilipaswa kumwambia undugu huo tangu saa nne. Nilimwambia kuna ujumbe mwingine ambao mashine imeuacha, na huo ndio wa hatari. Nilimpa jina la laga na kisima, na saa. Nikamwomba aweke watu wake pale mapema, waonekane, wasijifiche.

"Namba ya huyo wa pili," alisema.

"Hiyo sitakupa."

Nilisikia feni ya ofisini kwake.

"Daktari," alisema mwishowe, "mpaka leo asubuhi ulikuwa mtafsiri. Sasa wewe ni mmoja wao. Umeelewa?"

Nilisema nimeelewa. Akakata.

Mjomba alikuwa amesimama na anarekodi ujumbe mpya. Safari hii alizungumza Kiswahili, chake cha kuvunjikavunjika, ili vijana wasipate kisingizio. Alisema hakuna mtu wa kwake atakayenywesha kesho. Alisema mwenye chuma, awe mwanawe au mtoto wa jirani, akifika pale atamkuta yeye amekaa kwenye mdomo wa kisima, na aanze naye. Alituma, akarudi kwenye mfereji kwa sababu maji yalikuwa yameanza kumwagikia njiani.

Nilipokuwa narudi mjini mhandisi alinipigia. Kuna nyekundu nyingine, alisema. Mtu yule yule.

Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa ofisini. Mjomba alikataa katakata niende kisimani. Mhandisi alikuja bila kuitwa, na thermosi ya chai na mkate. Usiku nilikuwa nimempigia kumweleza kila kitu, pamoja na kile nilichomficha, naye akauliza tu nitafika saa ngapi. Tulikaa mbele ya skrini. Hatukuwa na macho mengine isipokuwa ile mashine.

Jumbe zikaanza kuingia. Mwanamke anauliza kama shule itafunguliwa. Mtu anatafuta punda. Kijani, kijani. Kisha, saa kumi na mbili na nusu, sauti ya mwanamume nisiyemjua, neno moja: "Wamefika."

Kijani.

"Nani wamefika?" mhandisi aliuliza.

Wangeweza kuwa askari. Wangeweza kuwa vijana. Wangeweza kuwa jirani wa upande wa pili wakiwa na ng'ombe na watoto wao. Wangeweza kuwa wageni wa arusi ya mtu. Nilirudisha ile sauti nikitafuta kitu nyuma yake, injini, mbuzi, upepo. Mhandisi aliifungua kwenye kompyuta yake na kuikuza, akapata mlio ambao unaweza kuwa wa pikipiki au wa jenereta. Kwa robo saa hakukuingia ujumbe mwingine wowote, na makundi yale yalikuwa hayajawahi kunyamaza kiasi hicho asubuhi. Alinishika mkono.

Mjomba alipiga simu saa moja na nusu. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka tu. Alisema alifika giza likiwa bado halijatoka, akakaa. Gari la askari lilikuja likasimama upande huu wa laga, taa zikiwaka. Baadaye zikaja pikipiki tatu. Zikasimama juu ya ukingo, waliokuwa juu yake wamejifunga vitambaa usoni, na wamebeba vitu vilivyofunikwa kwa magunia. Walimtazama yeye, wakalitazama gari. Kisha wakageuza. Jirani walikuja jua lilipopanda, wakanywesha, wakaenda zao, na mmoja wa wazee wao aliketi naye kidogo.

Nilimuuliza kama mwanawe alikuwa mmoja wa wale watatu.

"Sikutaka kujua," alisema.

Siku ile hakufa mtu. Ningependa hesabu iishie hapo, lakini yaliyofuata nayo ni sehemu ya kazi yangu. Afisa aliandika barua, na alikuwa na haki ya kuiandika. Chuo kikaniita mbele ya kamati. Waliniuliza swali moja kwa njia nyingi: je, kama sauti zile mbili zingekuwa za watu baki, ningeizuia namba? Mmoja wao, niliyesoma naye falsafa zamani, alikuwa akinitazama kana kwamba ananiomba niseme ndiyo. Nilisema sijui. Nilisema pia kwamba kama zingekuwa za watu baki nisingekwenda Burat, ningetoa namba ya mzee asiye na kosa ndani ya nusu saa na kunywa chai, na ujumbe wa pili ungebaki kijani. Waliandika yote mawili. Nilisimamishwa kwenye mradi kwa miezi minane, na mkataba na watu wa usalama ukavunjwa. Niliporudi, hatukuwa tena na rangi. Sasa mashine inaandika tu, na wanaosoma ni watu wa pande zote, wazee na vijana, wameketi meza moja. Kazi inakwenda polepole sana, na wafadhili wawili wametuacha kwa sababu hiyo.

Mjomba alikuja ofisini mara tu niliporudi kazini, akakataa kiti. Alisema anataka sauti yake itolewe kwenye mashine, yote. Sikumbembeleza. Hakuwa na hasira. Alisema tu hataki kitu kinachozungumza kama yeye kiende mahali ambapo yeye hayupo kujieleza. Mhandisi ndiye aliyefuta, nami nikiwa nimesimama nyuma yake, na tukalazimika kuifunza mashine upya kwa sauti za watu wengine. Kiborana chake kimekuwa kibovu. Mjomba na mimi tunasalimiana vizuri siku za Idi, salamu zote, ndefu, na hatujazungumza habari nyingine.

Binamu yangu alikuja baadaye kabisa, mchana mmoja, bila kupiga simu. Alikuwa amekonda. Alikaa akaweka helmeti yake sakafuni, akasema amesikia ni mimi niliyepeleka askari kisimani.

Nilimwambia ni kweli, nilitaja mahali na saa.

"Na namba yangu?"

"Sikuitoa."

Aliitikia kwa kichwa. Chini dukani mtu alikuwa anakata bati, na tulingoja amalize. Nilikuwa na swali moja, na nilikuwa nimelibeba tangu siku ile ya mfereji, nikiliogopa kuliko nilivyoogopa kamati. Nikamuuliza aliposema vyuma alimaanisha nini.

Nilidhani atacheka au atasimama aondoke. Alijikuna kidevu, akafikiri kweli kweli, kama mtu anayetaka kujibu sawasawa.

"Zilikuwepo," alisema. "Tulikuwa nazo. Lakini dada, ukiniuliza kama ningepiga mtu, hata mimi sikuwa najua. Nilisema tu. Nilikuwa nangoja nifike ndio nijue."

Kisha akauliza kama kuna chai. Nikainuka nikamtafutia kikombe.